Aliyejibu "Nitapima"

Vijana wawili wa kanisani kwetu wanataka kufungua karakana ya kushona hapa mtaani kwetu Bertrams. Wiki iliyopita walikuja kuniuliza mtu aangalie nini anapoajiri wafanyakazi wapya. Nikawajibu kwamba sijui. Wakadhani nawanyima maarifa, wakamaliza keki yangu, wakaaga. Sikuwa nawanyima. Nimeajiri watu kwa miaka kumi na sita. Yule niliyemchagua kwa akili zangu zote aliondoka na pasi mbili za karakana, na yule niliyemchagua kwa sababu sikumsikia vizuri ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Mimi naitwa Perpetua, mzaliwa wa Singida, fundi cherehani, na nimestaafu mwishoni mwa mwaka huu wa 2019 kwa amri ya macho. Wateja waliniita Ma Pepe. Niliwasahihisha mwaka wa kwanza, kisha nikachoka. Karakana yangu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari, na kazi yetu kubwa ilikuwa sare za akina mama wa manyano. Ninyi mliozaliwa huku mnajua, lakini kwa mgeni niseme kwamba manyano ni umoja wa akina mama wa makanisa ya Afrika Kusini. Wanakutana Alhamisi, wanasali na kuimba, na wana sare ambayo mama haigusi mpaka avikwe mbele ya kanisa zima. Kola ikizidi upana kwa kidole kimoja, simu inapigwa. Nimewahi kurudishiwa makoti saba kwa sababu matundu ya vifungo yalikuwa yamelala na yalitakiwa yasimame.

Kwa kazi ya namna hiyo huwezi kumchukua yeyote anayepita. Mimi mwenyewe niliajiriwa kwa kikombe cha chai. Nilipofika mji huu nikiwa kijana, nilikwenda kuomba kazi kwa fundi mmoja wa Kihindi, Mzee Naidu, Mungu amrehemu. Usaili wake ulikuwa hivi: anakukaribisha, anakupa chai iliyojaa hadi ukingoni, kisha anatoka nje. Akirudi akakuta kikombe kiko juu ya meza ya kukatia, anakushukuru kwa kuja. Mimi alikikuta sakafuni, akaniajiri saa hiyo hiyo. Baada ya miaka minne nilimwambia ukweli, kwamba niliweka kikombe sakafuni kwa sababu nilikuwa nimekaa sakafuni, maana viti vyote vilikuwa vimejaa vitambaa. Alisema sababu zangu hazimhusu.

Nilipopata karakana yangu nikaendelea na chai. Ilinipatia wafanyakazi waangalifu sana na vikombe.

Halafu kukatokea dada mmoja Mkenya wa kwaya yetu, Wanjiru, anayefanya kazi benki. Alinikuta siku moja nachungulia mlangoni kumwangalia mwombaji na chai yake.

"Auntie," akaniambia, "huwezi kuajiri mtu na kikombe. Lazima uwe na maswali, na yawe yale yale kwa kila mtu."

Akanichapia orodha nzuri, ina nembo juu. Swali la kwanza lilikuwa: Unajiona wapi baada ya miaka mitano? Nililiuliza kwa waombaji tisa. Wanane walisema Kanada. Wa tisa alisema Australia, nikampa alama za ziada kwa kufikiri mwenyewe.

Barua za mapendekezo msizitegemee. Karibu zote nilizoletewa ziliandikwa na wachungaji, na mchungaji hajawahi kukutana na mtu mvivu. Picha za kwenye simu nazo ziangalieni kwa makini. Kijana mmoja aliyekuwa na meza sokoni Newtown alinionyesha picha za kazi zake, moja baada ya nyingine, nguo zimekaa vizuri kweli. Kwenye picha ya sita niliona koti la kijani ambalo nililishona mimi. Nilimwuliza alivyoupata mkunjo ule wa bega. Akanieleza vizuri kabisa, hatua kwa hatua, na mpaka nastaafu niliitumia njia yake, lakini sikumwajiri.

Sasa tuje kwa Furaha.

Mwanzoni mwa mwaka huu mkataji wangu wa siku nyingi, Mzee Maluleke, alirudi kwao Limpopo kufuga kuku. Karakana bila mkataji haiendi. Anayeshona akikosea unafumua, lakini anayekata akikosea hakuna cha kufumua, kitambaa kimeshakufa. Nilikuwa na washonaji wawili, Nomvula na dada yake, hodari wote, na wote wawili waliogopa mkasi mkubwa. Mimi macho yalikuwa yameanza kunidanganya kwenye mistari ya chaki. Nikatangaza kanisani kwamba natafuta mkataji.

Furaha alikuja Jumatatu asubuhi akitokea mtaa wa Berea, alikopanga chumba na familia nyingine, pazia katikati. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Lubumbashi, gauni limepigwa pasi hadi mikunjo yenyewe ina mikunjo. Nikampa chai. Alikishika kikombe mkononi muda wote, hakukiweka popote. Nikavutiwa sana. Baadaye nilikuja kujua kwamba hapendi chai na aliona aibu kusema.

Nikatoa orodha ya Wanjiru, ila nilikuwa nimeongeza maswali ya ufundi.

"Nikikupa kitambaa, hakuna karatasi ya kukatia, hakuna mfano, utafanyaje?"

Akafikiri kidogo. "Nitapima, Mama."

Nikaweka kalamu chini. Waombaji wengine wote walikuwa wamenijibu kwamba wataangalia kwenye simu, au watamwomba Mungu. Huyu alisema atapima. Ndilo jibu la fundi.

"Na hizi kola za manyano, ambazo hazitaki kuzidi wala kupungua?"

"Izi nazo nitapima."

"Mteja akija na haraka zake, akakufokea?"

Hapo alifikiri zaidi. "Nitapima, Mama."

Nikaona huyu ni mtu wa busara. Mteja anakufokea, wewe unamzungushia futi kiunoni bila neno. Nikamwambia aanze kesho. Jioni nikampigia Wanjiru kujisifu. Nilimwambia nimempata mtu wa maneno machache ambaye kila jibu lake ni kazi.

Mtaona kwamba sikumwuliza kama aliwahi kukata nguo. Swali hilo halikuwa kwenye orodha ya benki.

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri. Mzee Maluleke alikuwa ameniachia karatasi za kukatia za kila saizi, zimetundikwa ukutani kwa misumari. Furaha anaweka karatasi juu ya kitambaa, anafuata ukingo kwa chaki, anakata. Mkono wake ulikuwa mtulivu na mkasi haukuruka. Asubuhi alinikuta nimefungua dirisha, akasema "Mama, umelala muzuri?" na baada ya hapo hatukumsikia mpaka saa sita. Nilimpenda kwa hilo. Nilikuwa nasahihisha Kiswahili chake mara mbili au tatu kwa siku, kama ile "njo" yake ambayo kwetu ni "ndio", na yeye anaitikia "ndiyo, Mama" na kuendelea na chake. Sisi Watanzania tuna ugonjwa huo. Tukisikia mtu anasema Kiswahili tunadhani ameazima kwetu, tunasikiliza makosa tu na kile anachosema kinatupita.

Mwezi wa tatu ukafika, na kazi ya mwaka. Ma Khumalo, mwenyekiti wa manyano ya kanisa moja la hapo mtaani, aliagiza makoti kumi na mawili ya zambarau kwa akina mama watakaovikwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Zambarau ile haiuzwi madukani. Kanisa lenyewe huagiza jora lake, na jora la mwaka huu lilitosha makoti kumi na mawili barabara, hakuna kipande cha kufutia mkono.

Koti la kumi na mbili lilikuwa la Gogo Mabaso. Gogo huku ni bibi, na huyu alikuwa na miaka sabini na kitu, na kwa miaka arobaini alikuwa akikaa nyuma kabisa kanisani na gauni lake la kawaida, kwa sababu mumewe alikataa asiingie manyano. Alisema mke akivaa koti lile ataanza kujibu. Mzee alipofariki, Gogo alimaliza matanga, kisha akaenda kujiandikisha. Alihudhuria madarasa miaka miwili na wasichana wa umri wa wajukuu zake. Sasa siku ya kuvikwa ilikuwa imekaribia, na tumboni mwake kulikuwa na ugonjwa ambao kliniki walikuwa wamekwisha kuacha kuutafutia dawa ya kuponya, wanampa ya maumivu tu.

Sheria ya manyano ni moja: hakuna koti, hakuna kuvikwa, na kuvikwa ni mara moja kwa mwaka. Gogo hakuwa na mwaka mwingine, kila mtu alijua, na yeye alijua kuliko wote. Mama ambaye hajavikwa huzikwa na gauni la kawaida, na wenzake hawampangii mistari miwili kaburini. Ma Khumalo alinieleza haya yote kwa sauti ile ile ya kuagiza vifungo, kisha akasema, "Kwa hiyo la Gogo lisikosewe."

Gogo alikuwa na kibiongo kikubwa. Karatasi za ukutani hazimfai mtu mwenye mgongo ule, koti lake lilipaswa kukatwa kutoka kwenye vipimo moja kwa moja. Nilikuwa nimempima mwenyewe mwezi wa kwanza, namba zote nimeziandika kwenye daftari. Nilipanga kulikata mimi. Lakini Jumatatu ya wiki ile ile ya kuvikwa ilikuwa zamu yangu ya kupanga foleni ofisi ya vibali, na foleni hiyo hukosi kwa sababu ya koti.

"Furaha, la Gogo utaliweza?"

"Nitapima, Mama."

Nikaondoka na amani moyoni.

Nilirudi saa tisa. Vipande vilikuwa vimepangwa mezani, mgongo, vifua viwili, mikono, kila kimoja na pini yake. Nikachukua futi na daftari nikakagua. Kila kipimo kilikuwa sawasawa na nilichoandika, hadi nusu sentimita. Sijawahi kuona ukataji sahihi namna ile, na hapo ndipo nilipoliona kosa. Ukitaka koti la sentimita mia, hukati mia. Unakata na zile sentimita mbili mbili za pembeni ili mshono uwe na pa kukaa, na unaacha kidogo mtu apumue. Karatasi za Mzee Maluleke zilikuwa na nafasi hiyo ndani yake, hakuna aliyehitaji kuijua. Koti hili la Gogo likishonwa lingemfaa binti wa darasa la saba.

"Furaha, nafasi ya mshono iko wapi?"

"Nafasi gani, Mama?"

"Nani alikufundisha kukata?"

"Hakuna mutu, Mama. Kushona nilishonaka, miaka tano. Kukata, ata siku moya."

Nomvula akazima mashine yake. Hajui Kiswahili, lakini sura yangu aliielewa.

"Uliniambia utapima," nikasema.

"Ndiyo. Na nikapima."

"Fundi akisema atapima, maana yake anajua kazi."

"Mi sikusema najua. Nilisema nitapima. Kama inawezekana, inawezekana. Kama haiwezekani, Mama utanionyesha."

Nikavuta kiti. "Kwenu Lubumbashi, kupima ni nini?"

Akaonekana kushangaa kwamba mtu mzima anauliza. "Ni ile kitu haujui bado, unaingia tu, unaona kama utaweza."

"Yaani kujaribu."

"Kujaribu hapana, Mama," akasema kwa upole. "Majaribu ni ya shetani. Sisi tunapima."

Kwa hiyo mjue kwamba nilikuwa nimemfanyia mtu usaili mzima, nikasifia kila jibu, na yeye kila swali alikuwa akinijibu kwa uaminifu kabisa kwamba hajui ila atajaribu. Hata alipoulizwa kuhusu wateja wakali alisema ukweli. Aliyekuwa hasikii ni mimi.

Siku ile sikuyaona hivyo. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Nilimwambia atundike futi ukutani aende zake. Akalitundika, akafagia vipande vyake chini ya meza, akaaga kila mtu kwa jina, akaenda. Nikapiga simu kwa waliotengeneza jora. Wakasema zambarau ile watatengeneza tena mwezi wa saba. Nikapiga kwa mafundi wengine watatu. Mmoja aliniuliza kama Gogo anaweza kuvaa bluu.

Usiku ule niliandaa cha kumwambia Ma Khumalo. Ninyi ni vijana, mnadhani mtu akifika umri wangu hasemi uongo. Nilikuwa nimekwisha kuupanga wote. Kitambaa kilikuja na kasoro, tumekigundua wakati wa kukata, kanisa liwasiliane na waliokitengeneza. Niliurudia mara kadhaa hadi ukawa mzuri. Nilipanga kuusema Jumatano.

Jumanne asubuhi simu ikaita. Ni Ma Khumalo.

"Ma Pepe, njoo kwa Gogo. Msichana wako yuko hapa."

"Anafanya nini hapo?"

"Amekuja kusema ameharibu koti. Gogo amemwambia akae ale kwanza."

Gogo Mabaso alikaa nyumba ndogo ya bati jekundu karibu na uwanja wa mpira, mtaa ambao siku za mechi magari huegeshwa hadi kwenye maua ya watu. Nilikwenda kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nautafuta ule uongo wangu nione kama bado unafaa. Haukufaa. Nilimkuta Furaha mezani na sahani ya uji mzito mbele yake, macho mekundu. Gogo alikuwa kwenye kiti chake, amefunikwa blanketi miguuni. Ma Khumalo alikuwa amesimama dirishani na ameukunja uso, nikajua hapa karakana yangu inahukumiwa.

Aliyeanza kusema ni Gogo. Alisema Kizulu, taratibu, ili mimi na Furaha tumfuate.

"Huyu amekuja mwenyewe na miguu yake akaniambia. Mwanangu wa kiume hajawahi kuniambia jambo kabla sijalisikia kwa jirani." Akanitazama. "Wewe ulikuwa unakuja lini?"

"Kesho, Gogo," nikasema.

"Kesho," akasema, na akaliacha hapo. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nilistahili.

Kisha akalisukuma blanketi. "Basi mmeshafika wote. Nipimeni tena. Labda kuna kitu mtakachoweza."

Hakukuwa na sababu ya kumpima, kitambaa hakikuwepo. Lakini bibi mgonjwa akisimama kwa ajili yako, unatoa futi. Nikamzungushia kifuani. Nikatazama namba, nikamwita Furaha aisome, kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Akaisoma. Nikapima kiuno, mabega, mikono. Tangu mwezi wa kwanza Gogo alikuwa amepungua kila mahali. Kifuani peke yake zilikuwa zimekwisha sentimita kumi na moja. Vile vipande vilivyolala mezani kwangu, vilivyokatwa bila nafasi ya mshono, vingemkaa.

Nilifurahi. Naliandika hivyo hivyo kama lilivyokuwa: nimeshika futi kwenye kifua cha mtu anayekufa, nimeona ugonjwa ulivyomla, na kitu cha kwanza kilichonijia ni furaha kwamba koti litatosha. Ilidumu kama kupepesa jicho. Nikainamisha uso nikijifanya nakunja futi.

Gogo alikuwa ameniona. "Unachekea nini, Ma Pepe?"

"Litatosha, Gogo."

Akaelewa upesi kuliko Ma Khumalo. Akajitazama kifuani, halafu mikononi.

"Eish," akasema. "Basi shoneni haraka, kabla halijawa kubwa."

Ma Khumalo alikwenda jikoni, na tulimsikia huko akifungua maji ya bomba kwa muda mrefu.

Hakuna aliyemwambia Furaha arudi kazini. Alirudi tu, kwa kuwa koti lilikuwa halijaisha, na mimi sikuona pa kuliingiza lile neno la kumfukuza. Nilimpa kazi ya mgongo wa koti, ile sehemu ya kibiongo, nikakaa pembeni yake namwonyesha. Kibiongo hakitaki mkunjo uliochongoka, kinataka mikunjo mingi midogo inayofifia, na kila mmoja unautuliza kwa pasi kabla ya kugusa mwingine. Aliufumua mara nne bila kuambiwa. Wiki ile umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu mji mzima, saa mbili mbili au zaidi, tukarudi kwenye cherehani yangu ya kukanyaga kwa mguu na pasi ya makaa ambayo Nomvula alikuwa akiitumia kuzuia mlango. Jumamosi mchana koti likaisha.

Jumapili tulikaa viti vya nyuma, mimi na Furaha. Akina mama kumi na wawili waliitwa mmoja mmoja. Gogo alipoitwa, wajukuu wawili walitaka kumbeba na kiti chake, akawafukuza kwa mkono, akatembea. Ma Khumalo alimvisha koti, akafunga vifungo vitano, akarekebisha kola ambayo haikuhitaji kurekebishwa. Kibiongo kilikaa ndani ya koti kama mgongo wa mtu mwingine yeyote. Gogo akageuka kutuangalia sote, na kanisa likaanza kuimba, na mimi nikalia bila kutafuta leso.

Mnataka kujua muangalie nini. Baada ya siku ile niliongeza swali moja kwenye orodha ya Wanjiru, nikalifanya la kwanza: Niambie kitu ulichoharibu kazini, na ulimwambia nani. Wapo walionijibu kwamba hawajawahi kuharibu kitu. Hao niliwashukuru kwa kuja. Swali hili nalo si dawa ya kila ugonjwa. Bwana mmoja alianza kunijibu saa nne asubuhi, na ilipofika saa sita alikuwa bado yuko kwenye kiwanda chake cha pili. Lakini liulizeni. Na mtu akikujibu kwa neno unalodhani unalijua, mwulize kwao lina maana gani, hasa kama wewe ni Mtanzania.

Gogo Mabaso alifariki mwezi wa sita, baridi imeshika. Asubuhi ya kumvalisha, Ma Khumalo alinipigia simu kutoka kwenye nyumba ya mazishi. Akina mama wa manyano ndio wanaomvalisha mwenzao, lakini vijana wa pale walikuwa wamewaambia kwamba mikono imekakamaa, haitaingia kwenye koti, na desturi ya kazi yao ni kulipasua mgongoni kutoka juu hadi chini na kulichomeka pembeni. Ndani ya jeneza mtu hulala chali, hakuna anayeona. Ma Khumalo aliuliza kama kuna namna.

Kabla sijajibu, Furaha, aliyekuwa akiisikia simu pembeni yangu, alikuwa amekwisha kuvua aproni. Aliondoka na mtungi wa maji ya moto na taulo mbili. Nomvula alinisimulia baadaye, maana naye alikwenda: waliikanda mikono ya Gogo kwa taulo za moto, zamu kwa zamu, akina mama wanaimba chinichini, mpaka viwiko vikalegea. Kisha Furaha akaingiza mkono wa kwanza, akamwinua Gogo kidogo kidogo, akapitisha koti mgongoni, akaingiza wa pili. Iliwachukua karibu saa tatu.

Alirudi saa saba mchana, vidole vimekunjamana kwa maji. Nilimwambia amefanya vizuri, ila kwa kweli hata wangepasua, mgongoni nani angeona.

"Mama," akasema, "mgongo njo ilikuwa kazi yote."

Akavaa aproni yake, akarudi mezani. Jumamosi makaburini akina mama walipanga mistari miwili, na Gogo akapita katikati yao na koti zima.